Nimeimba kampeni Mwanza tangu 2010: huu ndio ufeministi wangu

Wadau, habari za jioni.

Mimi ni mwanamuziki. Napiga gitaa la besi na kuimba kwenye bendi moja hapa Mwanza. Katikati ya wiki tuko mahotelini, mwisho wa wiki harusi na sendoff, na msimu wa kampeni ukifika tunachukuliwa na wagombea wa chama chochote kinacholipa. Nilianza na kampeni za 2010, nikiwa na miaka 22.

Ijumaa iliyopita tulikuwa Nyegezi. Tuliposhuka jukwaani baada ya seti ya kwanza, kijana mmoja mwenye adabu zake alinifuata nikiwa najifuta jasho. "Samahani dada, hivi wewe ni mfeministi?" Alikuwepo mwezi uliopita nilipokataa kupiga wimbo alioomba, wimbo unaomfundisha mwanaume namna ya kumnyamazisha mke. Nikamjibu ndiyo, mimi mfeministi. Seti ya pili ikaanza, akaondoka. Jibu lile limenikaa kooni wiki nzima maana halikutosha. Ngoja nilitoe lote hapa. Ni refu, mnivumilie.

Nianze na mkutano mmoja wa hadhara.

Tulikodishwa na mgombea ubunge, mwanaume. Mkutano ulikuwa kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Ilemela. Dagaa zilikuwa zimeanikwa mchanga mzima, mwenye kujua mwalo anaijua harufu yake. Kina mama waliziacha jua likiwa utosini, saa ambayo ndiyo ya kuzigeuza, wakaja kujaza uwanja. Wengine walikuwa kwenye masufuria ya pilau tangu alfajiri. Sisi tulianza kupiga saa nane. Mheshimiwa alifika saa kumi na nusu.

Jukwaani alikuwepo pia mama mmoja mgombea udiwani. Mchuuzi wa dagaa, anajulikana na kila mtu pale, magamba yamemng'ang'ania mpaka kwenye kucha. Akapewa dakika tano. Alianza vizuri kuliko wote waliomtangulia. Hakupoteza muda kuwataja wakubwa kwa vyeo vyao. Alisema choo cha mwalo kimejaa tangu masika, na ushuru unakusanywa kila asubuhi, akauliza ushuru huo unaishia wapi. Nikiwa juu pale niliona watu wa nyuma wanaanza kusogea mbele. Watoto walikuwa kimya. Akasema, "Na hizi chanja za kuanikia dagaa tunazoahidiwa kila mwaka..."

MC akanigeukia, akazungusha kidole hewani. Kwetu wanamuziki ishara ile ina maana moja tu, piga. Nikapiga. Dramu zikaingia, spika zikaimeza sauti yake palepale kwenye chanja. Alibaki ameshika maiki, mdomo bado una neno. Halafu akaanza kucheza, kwa sababu mwanamke akiwa jukwaani na muziki ukalia anatarajiwa acheze. Umati ukashangilia, mwenzake akamfunga kanga kiunoni. Baadaye Mheshimiwa akasimama, akaongea dakika arobaini na tano, na hakuna aliyenizungushia kidole.

Aliyemkata yule mama ni mimi, kwa vidole vyangu hivi, na nikalipwa. Udiwani hakuupata. Sisemi aliukosa kwa ajili ya besi yangu, mambo ya uchaguzi ni mengi. Lakini tangu siku ile kila nikisimama jukwaani kwenye mkutano wa siasa naangalia jambo hilohilo: nani anaimba, nani anapika, nani anajaza uwanja, halafu nani anaongea. Fanyeni zoezi hilo mkutano ujao, chama chochote.

Naendelea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanawake wa nchi hii waliingia kwenye siasa kwa mlango wa muziki. Bibi Titi Mohamed kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, Dar es Salaam. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipozaliwa Julai 1954 haikuwa na wanawake wa kutajika. Titi alipojiunga aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, watu anaowajua kwa sauti na kwa jina, na wale wakaja na wanachama wao. Vikundi vile tayari vilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, michango, sare na nidhamu ya mazoezi. Chama kilipata wanawake waliokwishajipanga. Mwaka 1962 Umoja wa Wanawake ulipoundwa, yeye ndiye aliyeuongoza.

Sasa niangalie mimi. Nina sauti kama yeye, nina umati kama yeye, lakini kazi yangu imekuwa kumpashia mtu mwingine moto. Titi alitoka kuimba akaanza kusema, watu wakamfuata hukohuko kwenye kusema. Sisi tumebakizwa kwenye wimbo. Ufeministi wangu unaanzia hapo. Nataka sauti ya mwanamke inayotafutwa kwa gharama wakati wa kuimba isikilizwe pia inapoacha kuimba na kuanza kuuliza ushuru unaenda wapi.

Neno lenyewe, ufeministi, najua linawakera wengi humu. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na neno jingine la kukereka nalo. Mwanamke akibishana na mumewe mtaani kwetu walisema, "Huyo kaenda Beijing." Nilidhani Beijing ni tabia. Nilikuwa darasa la sita, mwaka 2000, ndipo mwalimu wetu wa kike akatueleza kuwa Beijing ni mji wa China, kwamba Septemba 1995 ulifanyika huko Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, na Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Ukerewe hii hii ya kupanda meli ya Nansio! Mwaka huohuo wa 2000 ndio aliochaguliwa kuwa mbunge wa Ukerewe, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Fikirini, mwanamke wa kisiwani kwetu aliongoza mkutano ambao serikali 189 zilikubaliana azimio lake, na sisi majirani zake tukaugeuza mji wa mkutano kuwa tusi la kumpa mke anayejibu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Mama akasema tu, "Kumbe ni wa huku," akaendelea kuchambua mchele, lakini sikumsikia tena akilitumia neno lile.

Nimeona maswali yameshaanza, ngoja nijibu nikiwa naendelea.

Kuna aliyeuliza, viti maalum si vipo? Vipo, na naviunga mkono. Katiba ibara ya 66 inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia thelathini ya wabunge wengine wote. Baada ya uchaguzi wa 2020 majimbo yalikuwa 264 na viti maalum 113. Bila viti hivyo Bunge letu lingekuwa kama kijiwe cha bao. Lakini mjue na upande wa pili. Viti vinagawiwa vyama kwa kura za wabunge walizopata, na majina yanapangwa na chama. Mbunge wa viti maalum hana jimbo, kwa hiyo hana wananchi wa kumwambia "sisi ndio tuliokuweka". Anayemweka ni chama, na asiyependeza ndani ya chama harudi. Na ibara ya 51 inasema Waziri Mkuu atoke kwa wabunge waliochaguliwa majimboni. Mwanamke wa viti maalum anaweza kuwa na akili kuliko wote mle ndani, mlango huo kwake umefungwa.

Sasa nisikilizeni kama mwanamuziki. Sugu aliingia bungeni 2010 kwa jimbo la Mbeya Mjini. Profesa Jay 2015 kwa jimbo la Mikumi. MwanaFA 2020 kwa jimbo la Muheza. Wote wanamuziki, wote wanaume, wote majimbo. Vicky Kamata, aliyevuma nchi nzima na Wanawake na Maendeleo, aliingia 2010, kwa viti maalum. Simpunguzii heshima hata chembe, wimbo wake uliniinua mimi mwenyewe. Ninachouliza ni hiki: jina kubwa la mwanamuziki wa kiume linageuka mtaji wa jimbo, la mwanamke halikugeuka hivyo. Kwa nini? Mimi naamini ni kwa sababu mwanaume akiimba mnasikia anachosema, mwanamke akiimba mnaangalia anavyocheza. Mtanisahihisha.

Na si kweli kwamba watu wa Kanda ya Ziwa hawampi mwanamke jimbo. Hiyo naisikia sana na inaniudhi. Mongella alikaa Ukerewe miaka kumi. Anna Tibaijuka alitoka Umoja wa Mataifa akachukua Muleba Kusini 2010. Mwaka 2015 Esther Bulaya alimshinda Stephen Wasira pale Bunda Mjini, mwanasiasa mkongwe aliyekuwa serikalini tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Mwaka huohuo Angeline Mabula akachukua Ilemela, humuhumu jijini, na baadaye akawa Waziri wa Ardhi. Bulaya kabla ya Bunda alikuwa bungeni kwa viti maalum. Kwa hiyo viti vile vinaweza kuwa darasa, mtu akajifunza akahitimu akaenda jimboni. Shida ni pale darasa linapogeuka nyumba ya kulelea, mtu anakaa vipindi na vipindi kwa sababu jimboni anaambiwa "tuachie, wewe una viti vyenu".

Mchangiaji mmoja anasema mila za Kisukuma hazimruhusu mwanamke kuongoza. Mkuu, mimi ni Msukuma wa Kisesa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kikundi cha wanawake wa kulima kwa kuimba. Jembe lilikwenda kwa sauti yake. Akivuta wimbo, majembe yanapungua kasi. Akiukaza, mtaro unakimbia. Alijua nani amechoka bila kugeuka, kwa kusikia jembe lililochelewa. Mgawanyo wa chakula alipanga yeye, na mwenye shamba ambaye hakulipa alitajwa kwenye wimbo msimu unaofuata, kijiji kizima kikasikia. Huo si uongozi? Nendeni Bujora kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, mwezi wa sita mwone makundi ya Bagika na Bagalu wanavyoshindana kwa ngoma uwanja mmoja, umati unahamia kwa anayewavutia. Huko watu wanapiga kura kwa miguu. Sijawahi kuona mtu akiuliza kwanza jinsia ya aliyewahamisha.

Mwingine kauliza kuhusu Rais. Nilijua litakuja. Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya kutangazwa msiba wa Rais Magufuli, mtu wetu wa Chato. Siku ile nilikuwa saluni Kirumba, redio ikiwa juu, na msusi aliacha kusuka akakaa chini. Hakusema chochote, alikaa tu ameshika kitana. Mimi siku ile nililia, kwa msiba na kwa mengine. Lakini nawaambia dada zangu mnaodhani mfeministi lazima amtetee kila kiongozi mwanamke kwa kila jambo: mimi simo. Kiongozi apimwe kwa maamuzi yake, kwa ukali uleule tunaompimia mwanaume. Ninachokataa ni lawama inayoanza na maamuzi ikaishia kwenye "ndiyo shida ya kumpa mwanamke". Tumekuwa na marais wanaume watano kabla yake, na walipokosea hakuna aliyesema shida ni kumpa mwanaume.

Na hapa niwaguse wenzangu wanamuziki, maana sisi hatuna mikono safi.

Kampeni moja, nisiyoitaja chama wala mwaka, alikuja mzee mmoja wa kamati na karatasi. Maneno tayari yameandikwa, anataka tuyatie kwenye mdundo wa bugobogobo, ngoma ya majembe ya Kisukuma, yashike haraka. Mpinzani wao alikuwa mwanamke. Mistari minne yote ilihusu kuachika kwake mara mbili na kutokuzaa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba tubadilishe, tumwimbie hoja zake, nazijua zina mapengo." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mayu (mama), haya ndiyo yanayoleta kura. Wewe imba tu." Wiki moja kabla, kwa mgombea mwanaume, karatasi ilikuwa na barabara isiyojengwa na zahanati isiyo na dawa. Mwanaume anaimbiwa barabara, mwanamke anaimbiwa ndoa.

Nilishusha gitaa nikaondoka. Ilikuwa laki na nusu kwa siku, siku kumi na mbili. Kodi ya nyumba ile miezi niliilipa kwa kukopa. Mpiga dramu wetu alibaki, sikumlaumu, ana watoto watatu, na hadi leo tunapiga pamoja. Wimbo uliimbwa na dada mwingine, kwa sauti nzuri kunishinda. Nilikuwa nausikia kwenye gari la matangazo likipita Buzuruga nikiwa nanunua nyanya, na watoto wa shule wanauitikia. Wale watoto walikuwa hawamjui yule mama hata sura.

Ndiyo maana anayesema "wanawake hawapendani, ndiyo maana hawachaguani" simkubalii haraka. Yule dada aliyeimba hakuwa na chuki na mgombea. Alikuwa na njaa, na karatasi aliandikiwa na mzee. Tukiambiwa wanawake wanavunjana, tuangalie na mkono ulioandika wimbo.

Swali la mwisho kwa leo. Mmeniuliza, mbona wewe hugombei? Sina wito huo. Kipaji changu ni sauti na masikio. Lakini nimeona cha kufanya na kipaji hicho.

Yule mama wa dagaa niliyemkata kwa besi, mwaka jana alinipigia simu. Nilidhani ananikodi. Akaniambia, "Njoo, ila gitaa liache." Mwalo wao ulikuwa unakwenda kuchagua kamati ya BMU (Beach Management Unit), na alitaka kugombea. Kwa wasiojua, kamati ile ndiyo inayosimamia mwalo, udhibiti wa uvuvi haramu, usafi, na takwimu za samaki, na miongozo yake inataka wanawake wasiopungua watatu ndani yake. Pale kwao waliokuwemo walikuwa wakiitwa kusaini mahudhurio, basi.

Jioni tatu tulikaa kwenye mawe nyuma ya mwalo. Nilimfundisha ninachokijua: kuvuta pumzi kutoka tumboni, kushika maiki mbali kidogo na mdomo, kumaliza sentensi kabla ya kumeza mate. Halafu nikafanya jambo moja ambalo ndilo nililomwendea hasa. Nilimwambia aongee, na katikati ya maneno yake mimi nikawa napiga makopo na kuimba kwa nguvu zangu zote. Siku ya kwanza alinyamaza kila mara, na mara mbili mabega yake yalianza kucheza yenyewe, akajishika akacheka, kisha akakaa kimya muda mrefu akiangalia ziwa. Akasema, "Mwanangu, mwili umeshazoea." Siku ya pili akawa anapandisha sauti. Ya tatu alinishinda, nikaishiwa pumzi mimi.

Siku ya uchaguzi nilikaa mbele, mikono mitupu. Alikuwa wa nne kusema. Alisalimia, akaenda moja kwa moja kwenye ushuru. Kijana wa spika, sijui alipewa ishara au alijisahau, akaachia muziki. Yule mama hakugeuka. Aliinua mkono mmoja, akavuta pumzi mpaka nikaiona kanga ikipanda tumboni, akaendelea juu ya ule muziki mpaka kijana akazima mwenyewe. Akasema chanja tunazoahidiwa kila mwaka zinahitaji mbao na nyavu, bei zake hizi hapa, nimeziuliza dukani, na ushuru wa miezi miwili wa mwalo huu unatosha kujenga za kuanzia. Kisha akasoma hesabu, mstari kwa mstari, kutoka kwenye daftari lake la dagaa.